Kumuuguza mgonjwa wa akili: fedha inapokwenda

Kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili ya hospitali yoyote ya mkoa, ndugu wakishasalimiana huulizana bei ya dawa. Ni swali la haki, ila linaanzia mwisho. Kwa familia nyingi za Tanzania, dawa ndiyo sehemu ndogo ya gharama ya kumuuguza mtu mwenye skizofrenia au baipola. Vidonge vya zamani kama haloperidoli na klopromazini ni vya bei ya chini, na katika vituo vya serikali vinatakiwa kutolewa bure kwa mgonjwa wa muda mrefu. Kinachomaliza familia ni nauli, siku za kazi zilizopotea, gari la kukodi usiku wa manane, na mtu mmoja wa nyumbani, mara nyingi mama au dada, aliyefunga genge lake ili akae na mgonjwa. Huyu wa mwisho hana risiti, kwa hiyo kwenye kikao cha ukoo hatajwi.

Ndiyo maana hapa chini hesabu zote ni za mwaka mzima. Hesabu ya safari moja ya hospitali inadanganya. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka mtu aliyepatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza aendelee na dawa kwa angalau miezi 12 baada ya kupata nafuu, na wengi watahitaji miaka. Mwenye kupanga bajeti ya mwezi mmoja anapanga kushindwa mwezi wa tatu.

Kwanza, usichopaswa kulipia

Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza Tanzania miaka ya 1990, kumekuwa na orodha ya wanaosamehewa, na magonjwa sugu ya akili yamo. Msamaha huo haujileti. Unaanzia kwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji na kuishia kwenye dawati la ustawi wa jamii hospitalini. Familia nyingi hulijua dawati hilo siku mgonjwa anaporuhusiwa, bili ikiwa mkononi na mlango umefungwa. Nenda siku ya kwanza, kabla hata ya kumwona daktari, na uondoke na kitu kilichoandikwa kwenye kadi yake.

Msamaha una mipaka miwili ambayo haitangazwi. Unahusu dawa iliyopo dirishani. Wakikuambia "hiyo hatuna, kanunue nje", unanunua kwa fedha yako kama mtu mwingine yeyote. Na hauhusu nauli.

Bima nayo ina mtego wake. Mfanyakazi aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikikatwa kwake na nusu ikitolewa na mwajiri, na kadi hufunika wategemezi kadhaa. Lakini skizofrenia kwa kawaida huanza kati ya mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini na kitu, yaani umri uleule ambao mtoto anaondolewa kwenye kadi ya mzazi. Kijana anaugua akiwa chuo au akitafuta kazi, na mwaka huohuo kadi inakatika. Kama una mtoto aliyeanza matibabu na bado yumo kwenye kadi yako, uliza leo atabaki hadi lini na baada ya hapo ataingia kwa mlango gani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, kwa hiyo majibu uliyopewa na jirani miaka michache iliyopita, kama yale ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, yasikutoshe. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa chochote: je, dawa zake hizi hasa zimo kwenye kitita, na je, kulazwa wodi ya akili kumo?

Kwa msomaji wa Kenya hesabu ilibadilika Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya mfuko wa bima wa zamani wa huko, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango haushuki chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Anayelipwa 50,000 hukatwa 1,375. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalimpa mgonjwa haki ya kupata bima ya afya bila kubaguliwa kwa ajili ya ugonjwa wake, na kifungu hicho kinafaa kutajwa kwa sauti mbele ya wakala wa bima binafsi anayeanza kujikuna kichwa.

Kliniki ya mbali na kliniki ya karibu

Hapa ndipo fedha nyingi inapoweza kuokolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuchukue mfano wa familia inayoishi wilayani, na kliniki ya akili wanayoijua iko hospitali ya rufaa ya mkoa. Nauli ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa njia moja. Mgonjwa haendi peke yake, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa wawili ni 20,000. Chai na chakula cha mchana, 6,000. Msindikizaji ni mama ntilie ambaye siku hiyo hakuwasha jiko. Tuseme faida yake ya siku ni 10,000. Jumla 36,000 kwa siku moja ya kliniki. Wakienda kila mwezi, mwaka unakula 432,000, na hapo hatujanunua hata kidonge kimoja. Hizi ni namba za mfano. Toa zangu uweke zako, lakini usiifute ile ya jiko lisilowashwa.

Sasa ibadilishe. Mgonjwa ametulia kwa miezi kadhaa. Mwambie daktari wa mkoa: "Daktari, tunaomba utuandikie barua, dawa tuchukulie kituo cha afya kwetu, kwako tuje kila baada ya miezi mitatu." Madaktari wengi hukubali mgonjwa akiwa shwari. Safari za mkoa zinakuwa 4, sawa na 144,000. Miezi 8 iliyobaki mtu mmoja anapanda bodaboda hadi kituo cha karibu, 4,000 kwenda na kurudi, jumla 32,000. Mwaka mzima ni 176,000. Kilichookolewa, 256,000, kinatosha kununua dawa za famasi katika ile miezi ambayo dirisha la serikali ni tupu, na chenji ikabaki.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kituo cha karibu hakina dawa. Mara nyingi ni kweli, na sababu yake mojawapo ni sisi wenyewe. Kituo huagiza Bohari ya Dawa kwa kuangalia kilichotumika nyuma. Kata ikiwa na wagonjwa 15 na wote wanapanda basi kwenda mkoani, daftari la kituo linaonyesha hakuna mgonjwa, na dawa haiagizwi. Ndugu watatu au wanne wakienda pamoja kwa mganga mfawidhi na kadi za kliniki mkononi, waandikishwe, oda ijayo ina sababu ya kubadilika. Haibadiliki kesho. Wapeni miezi michache, na msiikabidhi barua ya daktari wa mkoa mpaka mmeona boksi kwa macho.

Wapo pia wanaoipita kliniki ya wilaya yao makusudi na kwenda mkoa wa jirani ili wasionekane. Jina la hospitali ya akili ya Mirembe limekuwa tusi la kijiweni kwa miaka mingi, na mama mwenye binti wa kuozesha hataki kuonekana akikaa kwenye benchi lile. Siwacheki. Lakini iandikwe kwenye daftari pamoja na mengine, kwamba aibu nayo ina nauli yake kila mwezi.

Vidonge au sindano, ya zamani au mpya

Kwa mgonjwa anayekubali kumeza kila siku, vidonge vinafaa na vinarekebishika upesi dozi ikihitaji kupunguzwa. Kwa anayevificha chini ya ulimi, au nyumba ambayo kila jioni ni ugomvi wa kidonge, uliza kuhusu sindano ya mwezi. Inayojulikana zaidi kwetu ni flufenazini, ambayo wengi bado wanaiita Modecate. Hudungwa kwenye msuli, kwa kawaida kila baada ya wiki 2 hadi 5 kwa kadiri daktari alivyopanga, na ndani ya muda huo hakuna wa kugombana naye kuhusu dawa. Kwa mlezi aliyechoka, utulivu huo una thamani yake. Hasara yake: madhara yakitokea huwezi kuitoa mwilini, inabidi isubiriwe. Kwa hiyo wataalamu huanza na dozi ndogo ya majaribio.

Madhara yenyewe ni sehemu ya bei. Dawa za zamani hukakamaza: mikono inatetemeka, mate yanachuruzika, mwendo unakuwa wa kuburuza miguu, na wakati mwingine shingo au taya hukaza ghafla siku za mwanzo. Familia isiyoambiwa mapema huona hilo na kusema "dawa za hospitali zinamuua mtoto", wanaacha, na baada ya wiki chache ugonjwa unaamka. Kuna kidonge cha kulegeza, benzeksoli, kinachojulikana kama Artane, na ni vema kukiuliza siku dawa inapoanza badala ya siku shingo inapokaza. Klopromazini, ile Largactil ya zamani, hufanya ngozi iungue na jua upesi. Mvuvi na mkulima wanahitaji kofia na mikono mirefu, au wamwombe daktari dawa nyingine. Hilo kwenye maelezo ya haraka ya dirishani halisemwi.

Dawa mpya zaidi, risperidoni na olanzapini, hukakamaza kidogo, na katika famasi kwa kawaida zina bei ya juu kuliko zile za zamani. Je, zinastahili? Kwa kijana anayeweza kurudi shuleni au kazini kama mikono haitetemeki, naona zinastahili, mradi familia ina hakika ya kuzipata mwaka mzima. Kuanza dawa mpya kwa mchango wa harusi ya binamu uliobaki na kuiacha mwezi wa nne ni kulipa ghali kwa hasara. Olanzapini nayo huleta njaa isiyo ya kawaida. Unene unapanda, na sukari inaweza kupanda nayo. Ongeza kwenye bajeti kipimo cha sukari mara kwa mara, mzani, na unga; sufuria ya ugali iliyotosha watu 5 inaanza kutotosha, na hilo ni gharama ya dawa ingawa linalipwa dukani.

Ukiwa famasi, taja jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni lililo kwenye boksi. Kitu kilekile huuzwa kwa majina kadhaa na bei zinatofautiana hata kwenye rafu moja. "Mwanangu, niangalizie risperidoni ya miligramu mbili ya bei nafuu iliyosajiliwa" ni sentensi fupi yenye faida. Ila ukishapata inayomfaa, usiibadilishe kila mwezi kwa kufuata bei, hasa dawa za kifafa na baipola, bila kumwambia daktari.

Dawa tatu ninazipitia haraka; gharama ya mbili za kwanza iko maabara. Lithiamu ni dawa nzuri sana ya baipola, lakini inataka damu ipimwe kiwango chake, pamoja na figo na tezi ya shingo. Mgonjwa akiharisha au akitoka jasho jingi bila kunywa maji inaweza kumdhuru. Klozapini hutolewa kwa aliyeshindikana kwa dawa nyingine, na chembe nyeupe za damu hupimwa kila wiki katika miezi ya mwanzo. Familia iliyo mbali na maabara ya uhakika isikubali mojawapo ya hizi kabla ya kupiga hesabu ya nauli ya vipimo. Ya tatu ni valproeti: kwa msichana na mwanamke wa umri wa kuzaa, Shirika la Afya Duniani limesema isitumike, kwa sababu ya madhara makubwa kwa mtoto tumboni. Kama binti yako anaitumia, muulize daktari njia mbadala kabla hujafanya lolote, usiikatishe ghafla. Na mbadala ukiwa kabamazepini, ujue kwamba hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi.

Akilazwa

Kitanda chenyewe katika hospitali ya umma si ghali kulinganisha na yanayokizunguka. Mfano mwingine wa namba: gari la kukodi la usiku na vijana wawili wa kumshika, 120,000. Ndugu anayebaki naye siku 21, akipoteza 10,000 zake kila siku, 210,000. Chakula cha 5,000 kwa siku, 105,000. Jumla 435,000. Linganisha na ile 432,000 ya kwenda kliniki ya mbali kila mwezi kwa mwaka. Kuanguka mara moja tu kumekula bajeti ya mwaka mzima wa kutoanguka, na mgonjwa karudi nyuma hatua kumi.

Kwa hiyo familia yenye akiba ndogo ielekeze akiba hiyo kwenye siku za dalili za mwanzo. Kila mgonjwa ana zake na watu wa nyumbani huzijua kuliko daktari: halali usiku, anaanza kusema peke yake, ananunua vitu asivyohitaji, anamshuku mtu yuleyule aliyemshuku mara ya kwanza. Usingizi ndio hutangulia kwa wengi. Safari ya ziada ya kliniki siku hizo ni 36,000 katika mfano wetu.

Na ikiwa ugonjwa umekwishapanda, usianze na kamba na gari la kukodi. Kama kituo cha afya cha karibu kina mtumishi aliyefundishwa na dawa ya kutuliza, apelekwe au mtumishi aitwe hapo kwanza. Mtu aliyetulizwa husafiri kwenye gari la kawaida, haumizi wala haumizwi, na siku ya kuamka hana kisasi na kaka zake.

Na alazwe wapi? Wodi ya akili ya hospitali ya mkoa, kama ipo, ishinde kwa ukaribu: ndugu wanamtembelea kwa zamu na hakuna anayehama nyumbani. Muhimbili ni kwa walio Dar es Salaam na kwa rufaa. Mirembe, iliyopo Dodoma tangu enzi za Mwingereza, ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kwa ugumu wa utambuzi au mgonjwa aliyeshindikana mikoani, safari ya kutoka Mtwara au Kigoma ina maana yake. Kwa kumlaza tu apumzike, haina. Lutindi, milimani Usambara katika wilaya ya Korogwe, ni ya kanisa la Kilutheri. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na inajulikana kwa tiba ya kazi, wagonjwa wakishiriki shughuli za shamba na za mikono. Zanzibar wana Kidongo Chekundu. Upande wa Kenya, Mathari ya Nairobi imekuwapo tangu 1910, na mtu wa Mombasa ana kitengo cha Port Reitz bila kupanda basi la usiku.

Kabla ya kuchagua, piga simu uulize mambo ambayo tangazo halisemi. Je, ndugu analazimika kulala naye? Chakula ni cha hospitali au cha kuletwa? Malipo ya awali ni kiasi gani kwa mwenye msamaha? Akiruhusiwa, dawa za kuondoka nazo ni za siku ngapi? Jibu la hili la mwisho ndilo linaloamua kama atarudi wodini, maana wengine hutoka na vidonge vya wiki 2 huku kliniki ikiwa baada ya wiki 4.

Mirembe na Mathari zote zimewahi kulalamika juu ya wagonjwa waliopata nafuu ambao ndugu hawakurudi kuwachukua, wengine wakiwa wameacha namba za simu zisizopatikana. Watu huwalaani ndugu hao. Mimi huwa najiuliza walikuwa wamelipa mara ngapi ile 435,000 kabla ya kubadilisha namba.

Hospitali binafsi zinauza faragha, foleni fupi na daktari mwenye nusu saa ya kusikiliza. Dawa ni zilezile. Kwa familia ya kipato cha kati, matumizi ya akili ni kumwona bingwa binafsi mara moja au mbili ili utambuzi uwe sahihi, kuomba muhtasari ulioandikwa, na kuupeleka kliniki ya serikali ambako matibabu ya miaka yataendelea.

Mganga, maombezi, soba

Nani asiyejua kwamba wengi huanzia huko? Mgonjwa anayesikia sauti hupelekwa kusomewa, kuombewa au kuaguliwa, na mara nyingine familia hufanya yote matatu kwa zamu. Sina ugomvi na dua. Kwa matumizi ya fedha, tofauti iko kwenye namna ya kulipa. Sadaka ya msikitini au kanisani ina ukomo unaoujua mwenyewe. Kwa mganga bei hutajwa kwa mafungu: mbuzi leo, kuku wa rangi fulani kesho, na fungu la mwisho halijulikani. Mbuzi wawili wakiuzwa mnadani wangelipa safari za kliniki za mkoa za mwaka mzima, zile nne.

Katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, taasisi ya utafiti inayoongozwa na Profesa David Ndetei iliwafundisha waganga wa jadi na viongozi wa dini kutambua dalili na kuwaelekeza watu kwenye vituo vya afya. Ni njia ya busara kuliko kuwatukana. Shekhe au mchungaji anayesema "endelea na dawa, na sisi tunakuombea" hana gharama ya ziada. Anayesema "acha dawa kwanza, zinapingana na dua" amekuuzia lile gari la usiku. Na palipo na mnyororo, ondoka hapo na mgonjwa wako siku hiyohiyo. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2020 jinsi watu wenye ugonjwa wa akili wanavyofungwa minyororo katika nchi takriban 60, Kenya ikiwamo, na malipo ya mahali kama hapo hayanunui matibabu yoyote.

Soba ni habari nyingine. Nyumba hizi za upataji nafuu zilianzishwa kwa waraibu wa dawa za kulevya na pombe. Kijana anayevuta bangi na pia anasikia sauti hupelekwa huko kwa ada ya kila mwezi, anakaa safi miezi kadhaa, anatoka na sauti zake. Uliza kabla: ni mtaalamu gani wa afya ya akili anayefika hapo, siku zipi, na dawa zake za saikosisi atapewa na nani? Wakijibu kwa kukuonyesha uwanja wa mpira, tafuta kwingine.

Mtu aliyefunga genge

Turudi kwa asiye na risiti. Tuseme ni dada mwenye genge, naye anapata faida ya 10,000 kwa siku. Akiacha kazi kabisa, kwa siku 26 za kazi za mwezi familia inapoteza 260,000, na kwa mwaka zaidi ya milioni 3. Hakuna dawa mpya niliyoitaja inayokaribia namba hiyo kwa familia ya kawaida. Swali la manunuzi basi ni hili: ni nini kitamrudisha dada gengeni, hata nusu siku? Mara nyingine ni sindano ya mwezi badala ya ugomvi wa kila jioni. Mara nyingine ni kumlipa binti wa jirani asubuhi. Mara nyingine ni mgonjwa mwenyewe kwenda gengeni, kumenya vitunguu na kuhesabu chenji, maana wengi wakitulia wanaweza kazi zaidi ya tunavyowapa.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, na asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, katika kueleza ulemavu, inataja pia sababu za akili. Ofisa maendeleo ya jamii akishangaa ukimwambia, mwombe aisome mbele yako.

Halafu kuna kundi la WhatsApp la ukoo. Ndugu walio Dar, Arusha na Muscat hutuma fedha upesi sana siku ya gari la usiku. Laki nne hukusanyika kabla ya alfajiri. Mwombe kila mmoja 15,000 kwa mwezi ya nauli ya kliniki na posho ya dada, uone kimya. Familia inayotaka kulipa kidogo igeuze mpangilio huo: mchango wa kila mwezi, tarehe maalumu, kwa mtu mmoja anayetunza daftari, na posho ya mlezi iandikwe kwa jina lake, siyo "matumizi madogomadogo".

Karatasi hiyohiyo iwe na mambo ya mali. Kama mgonjwa ana shamba au nyumba ya urithi, msisubiri mzee afariki ndipo mjue nani anakusanya kodi. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya 2008 inaipa mahakama mamlaka ya kumweka mtu wa kusimamia mali ya asiyeweza kuisimamia kwa sababu ya ugonjwa, na ni bora maombi hayo yapelekwe wakati ndugu bado wanasalimiana.

Iandikwe pia mlezi wa pili. Mama naye huugua malaria, husafiri msibani, huzeeka. Wa pili ajue jina la dawa na dozi, tarehe ya sindano, dalili ya kwanza ya kuamka, namba ya nesi wa kliniki, na alipo dereva anayekubali kuja usiku bila kupandisha bei. Aende kliniki pamoja na mama angalau mara moja, amsalimie sista wa dirishani, aonekane sura. Siku akifika peke yake, asianze kwa kueleza yeye ni nani.